Breki za tela zikigoma, usikimbilie kununua kisanduku kipya

MFUGAJI amepakia ng'ombe wanane kwenye tela la ekseli mbili na anateremka kilima kuelekea mnadani. Anakanyaga breki, pikapu inapunguza mwendo, lakini tela linamsukuma kutoka nyuma. Anakanyaga zaidi hadi breki za gari zinaanza kunuka. Anafika bondeni salama, mikono ikitetemeka, na pale kwenye dashibodi kile kisanduku kidogo kinachoongoza breki za tela hakionyeshi taa yoyote. Kesho yake anakwenda dukani na kununua kisanduku kingine. Anakifunga, anapakia tena, na tela linasukuma vilevile.

Kisa cha namna hii ni cha kawaida kwa wenye matela ya breki za umeme huko Marekani, Kanada na Australia, ambako breki hizi zimeenea sana mashambani. Afrika Mashariki matela mengi madogo hayana breki kabisa, au yana zile za kusukumwa, ambazo tela likilisukuma gari mkono wake huingia ndani na kuvuta breki. Hata hivyo, tela lililotumika likiagizwa kutoka Marekani au Australia huja na breki zake za umeme, na fundi anayekutana nazo kwa mara ya kwanza anaweza kushawishika kukata waya na kuziacha. Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana tela la tani mbili lililotengenezwa kuwa na breki sasa linategemea breki za pikapu peke yake.

Wakati mwingi kisanduku hulaumiwa bure. Ndicho chenye bei, ndicho chenye taa, na ndicho kilicho mbele ya macho ya dereva. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida uko nyuma: kwenye plagi iliyoota kutu, waya uliochubuka, au waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi ya chasisi.

Breki hizi si jambo la ajabu. Ndani ya kila gurudumu la tela kuna sumaku ya umeme yenye ukubwa wa karibu kiganja cha mtoto. Dereva akikanyaga breki, kisanduku hupeleka umeme wa volti 12 nyuma kupitia waya mmoja. Sumaku hushika uso wa dramu inayozunguka, ikavutwa nayo kidogo, na mkono wake ukasukuma viatu vya breki vikabana. Umeme ukiwa mwingi, breki hushika kwa nguvu. Ukiwa kidogo, hushika kwa ulegevu. Hakuna mafuta ya breki wala pampu. Kwa hiyo kitu chochote kinachopunguza umeme njiani kinapunguza breki, na mfugaji hatakiona kwa macho kama anavyoona mafuta yakivuja.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Sumaku ya breki za inchi 10 au 12, ambazo ndizo za kawaida kwenye matela ya mizigo na mifugo, huwa na ukinzani wa karibu omu 3.2 na hula ampia 3 hadi karibu 4. Tela la magurudumu manne yenye breki lina sumaku nne zilizofungwa sambamba, hivyo ukinzani wake wote hushuka hadi omu 0.8. Sasa tuseme ethi imeota kutu na kuongeza nusu omu tu. Kwa mtu anayerekebisha taa hiyo si kitu. Lakini kwenye breki hizi, kati ya volti 12 zilizotoka kwenye betri, zinazofika kwenye sumaku ni kama 7.4. Zaidi ya theluthi moja ya umeme imeishia kwenye kutu. Tela la ekseli moja lenye ethi hiyohiyo lingepata volti 9 na ushei, ndiyo maana mtu anaweza kuhamia tela kubwa akitumia gari lilelile na soketi ileile, akashangaa breki zimekufa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha gari na tela, na kujua ugonjwa uko upande gani. Chomoa plagi. Msaidizi akae ndani ya gari na kusukuma taratibu ule mkono mdogo wa kisanduku unaofunga breki za tela bila kukanyaga pedali. Anayepima asimame kwenye soketi ya gari na kuangalia tundu la waya wa breki, ambao kwa mpangilio wa Marekani na Australia ni wa buluu. Umeme unapaswa kupanda kutoka karibu sifuri hadi karibu volti 12 kadiri mkono unavyosukumwa.

Wengi hudanganywa na mita katika hatua hii. Visanduku vingi vya kisasa havitoi umeme mtulivu, vinautoa kwa mapigo ya harakaharaka, na mita ya bei nafuu husoma namba zisizoeleweka. Vingine havitoi kitu kama havioni mzigo, hasa vile vinavyofungwa kiwandani pamoja na gari, kama Ford ilivyoanza kufanya kwenye pikapu zake za Super Duty za mwaka 2005. Dawa yake ni balbu ya volti 12 yenye waya mbili, mmoja kwenye tundu la buluu na mwingine kwenye tundu la ethi la soketi hiyohiyo. Balbu ikiongezeka mwanga polepole, kisanduku ni kizima na waya wa gari ni mzima. Pesa ya kisanduku kipya imeokoka.

Balbu ikiwaka kwa mkono wa kisanduku lakini ikakataa kwa pedali, tatizo liko kwenye waya mwekundu unaoleta habari kutoka swichi ya taa za breki, au swichi yenyewe imechoka. Angalia kama taa za breki za gari zinawaka. Ikikataa kote, fuata waya mweusi unaotoka kwenye betri na fyuzi yake, ambayo kwa tela la breki nne huwa ya ampia 20, kisha waya mweupe wa kisanduku. Mweupe huo unatakiwa kwenda moja kwa moja hadi hasi ya betri, si kufungwa kwenye skrubu yoyote iliyo karibu na usukani.

Gari likionekana zima, ni zamu ya tela. Chombo cha kwanza hapa ni macho na mkono. Fungua plagi uone kama shaba imegeuka kijani. Vuta kila waya taratibu. Uliokatika ndani ya ganda lake hunyooka kama mpira. Fuatilia waya chini ya chasisi, hasa mahali unapopita kwenye kona ya chuma, na uangalie kila kiungo. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga tepu ndivyo vinavyozika breki nyingi: maji na tope huingia chini ya tepu, shaba inaoza, na kwa nje kila kitu kinaonekana safi. Kiungo cha breki kinatakiwa kubanwa kwa koleo au kulehemiwa, kisha kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wenyewe uwe mnene. Ule wa milimita za mraba 4 unatosha kwa matela mengi ya ekseli mbili, lakini ule mwembamba wa taa haufai.

Ethi inastahili kuangaliwa mara mbili. Wapo wanaoacha umeme urudi kupitia mpira wa chuma unaounganisha gari na tela. Mpira huo una grisi, unacheza, na tela likiruka kwenye shimo mguso unapotea. Lazima pawe na waya mweupe kamili ndani ya plagi, na pale unapofungwa kwenye chasisi rangi ikwanguliwe hadi chuma kung'aa.

Baada ya hapo ndipo zipimwe sumaku, na zipimwe gurudumu kwa gurudumu. Sababu ni kwamba mita nyingi za mkononi huishia ampia 10, na sumaku nne kwa pamoja hula 12 au zaidi. Mwenye haraka ataunguza fyuzi ya mita kisha aseme tela ni bovu. Tenga waya mbili za gurudumu moja, zipe betri ya volti 12, na mita iwe katikati ya njia. Ikisoma ampia 3 hivi hadi karibu 4, sumaku ni nzima. Ikisoma sifuri, waya wa ndani umekatika. Ikipanda sana, koili imegusana na sumaku ibadilishwe. Inapofunguliwa dramu, sumaku iguzishwe mwili wake kwenye hasi ya betri na waya wake mmoja kwenye chanya: umeme ukipita hata kidogo, imechubuka ndani na haifai tena.

Asiye na mita hajakwama. Achukue dira ndogo, ile ya kuonyesha kaskazini, aisogeze karibu na gurudumu huku msaidizi akiwasha na kuzima breki. Sindano ikicheza, sumaku ya gurudumu hilo inapata umeme. Isipocheza, amelipata gurudumu bovu bila kufungua nati hata moja. Dira haitamwambia kama umeme unatosha, lakini kwa tela linalovuta upande mmoja likifunga breki, mara nyingi jibu hilo linatosha kuanzia.

Kuna ugonjwa mwingine wa kinyume, pale kisanduku kinapoonyesha ishara ya shoti. Chomoa plagi ya tela. Ishara ikibaki, tafuta kwenye gari. Ikiondoka, tenga ekseli moja baada ya nyingine hadi ipotee. Mahali pa kushuku mapema ni ndani ya bomba la ekseli, ambako kwenye matela mengi waya hupitishwa kutoka gurudumu moja kwenda jingine. Humo ndani waya husuguana na chuma kila tela linapotikisika, na hakuna anayeuona. Badala ya kuuvuta na kuurudisha mlemle, mafundi wengi huupitisha mpya nje, nyuma ya ekseli, ukiwa umefungwa vizuri.

Si kila breki dhaifu ni kosa la umeme. Grisi ikivuja kutoka kwenye beringi na kulowesha viatu, hakuna volti itakayosaidia. Viatu hivyo hutupwa. Viatu vikilika bila kurekebishwa, sumaku inashika lakini mkono wake haufiki. Mpya hurekebishwa baada ya kilomita 300 hivi za mwanzo, na kisha kila kilomita 5,000, isipokuwa zile zinazojirekebisha zenyewe. Baada ya matengenezo nguvu ya kisanduku ipangwe upya kwenye barabara tambarare na kavu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tela likiwa na mzigo wake: ongeza hadi magurudumu yakaribie kukwama, kisha punguza kidogo. Mpangilio wa tela lenye ng'ombe utakwamisha magurudumu ya tela tupu, kwa hiyo anayerudi kutoka mnadani bila mzigo aupunguze kabla ya kuondoka.

Kwa anayenunua tela la namna hii na kulileta Tanzania au Kenya, yapo mambo mawili yanayoweza kumharibia siku ya kwanza tu. La kwanza ni rangi. Kwenye mpangilio wa Ulaya wa plagi ya matundu saba, waya wa buluu ni wa taa ya ukungu ya nyuma. Fundi akiunganisha buluu kwa buluu, dereva atawasha taa hiyo na breki za tela zitashika ghafla njiani, au fyuzi itaungua. Rangi zisiaminiwe mpaka kila tundu lipimwe.

La pili ni volti. Sumaku hizi ni za volti 12, wakati malori mengi ya Kijapani kama Canter na Fuso, na baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli, yanatumia 24. Volti zikiwa maradufu, joto kwenye koili huwa mara nne, na sumaku inaweza kuungua katika mteremko mmoja mrefu. Gari la volti 24 linahitaji kisanduku kilichotengenezwa kwa ajili hiyo au kifaa cha kushusha umeme kinachohimili ampia zote za breki, si kile kidogo cha redio.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni betri ndogo iliyo mbele ya tela, pamoja na swichi yake yenye pini na kamba. Tela likichomoka, kamba iliyofungwa kwenye gari huvuta pini na betri hiyo hufunga breki yenyewe. Sheria za Marekani kwa magari ya biashara, na za Australia kwa matela ya zaidi ya tani mbili, zinataka breki hizo zikae zimeshika kwa angalau dakika 15. Betri iliyokaa ghalani miaka mitatu haina dakika hata mbili. Kuipima ni rahisi: plagi ichomolewe kwanza kutoka kwenye gari ili umeme usirudi kuharibu kisanduku, gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, kisha pini ivutwe. Gurudumu likwame papo hapo. Pini irudishwe mara moja, maana ikiachwa nje betri itakwisha na sumaku zitapata moto bure.