Kabla ya kununua joto la mvuke, uliza habari za nyufa

Mkulima anayepanga kukausha mahindi au kupasha joto kivungulio kwa mvuke wa ardhini huuliza bei kwanza. Swali ambalo wengi hulisahau ni iwapo kisima kitatoa joto lile lile baada ya miaka kumi.

Chini ya Olkaria, Naivasha, hakuna pipa la maji moto. Maji hupita katika nyufa za miamba, kwingine kwenye joto linalozidi nyuzi 300 za Selsiasi. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha stima mwaka 1981, na kuanzia 2003 shamba la maua la Oserian lilitumia joto la kisima katika vivungulio vya waridi. Faida ipo. Lakini nyufa hizo hazibaki zilivyokuwa siku ya kuchimba.

Anayechemsha maji ya kisima anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ardhini ni vivyo hivyo: maji yakipanda, presha hushuka, yanachemka na kupoa, kisha silika na chokaa huganda na kuziba njia. Isitoshe, maji yakitolewa kwa wingi bila kurudishwa, presha iliyokuwa ikitanua ufa hupungua, na uzito wa mwamba huubana.

Dawa ni kurudisha maji yaliyotumika kupitia visima vingine, ila hapo pana mtego. Maji baridi huufanya mwamba moto unywee, na ufa hupanuka. Ufa huo ukielekea moja kwa moja kwenye kisima cha uzalishaji, maji hufika kabla hayajapata joto, na mvuke hupungua. Ndiyo maana wahandisi hutia rangi au kemikali katika maji wanayorudisha, wapime yatatokea wapi na baada ya siku ngapi.

Hasara ya kupuuza ilionekana The Geysers, California. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1987, kisha ukaporomoka kwa sababu mvuke uliotolewa ulizidi maji yaliyorudi. Maji taka yaliyosafishwa yalianza kuletwa kwa mabomba mwaka 1997, na mengine kutoka Santa Rosa mwaka 2003. Yalisaidia, ingawa kazi hiyo huandamana na matetemeko madogo madogo.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini mkataba wa joto, dai rekodi za kisima za miaka iliyopita. Kipimo cha siku ya majaribio pekee, kwa maoni yangu, hakitoshi kukopea pesa benki. Uliza maji hurudishwa wapi. Na iandikwe ni nani atakayelipia kuni au dizeli joto likishuka huku mahindi yako yangali mabichi ndani ya kikaushio.