Mchezo wa biashara ya angani uliofungwa 2004 na watu wa kujitolea walioufungua upya

TAREHE 22 Septemba 2004, kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilizima seva za mchezo wa kompyuta uitwao Earth & Beyond. Wachezaji waliokuwa wakilipa ada kila mwezi walibaki na CD walizonunua dukani, nzima na safi, lakini zisizo na kazi tena. Meli zao za angani, mizigo, fedha za mchezo na majina waliyojijengea kwa karibu miaka miwili vilikuwa vimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na kompyuta hizo zilikuwa zimezimwa.

Mchezo huo umerudi mtandaoni. Walioufufua ni watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa wachezaji wa zamani. Walijenga seva yao wenyewe kipande kwa kipande, na wanaiendesha bila kumtoza mchezaji ada.

Kwa mbali hii inaonekana habari ya vijana na burudani. Lakini swali lililo ndani yake linamhusu kila mtu anayefanya biashara kwa kutegemea mtambo wa mwenzake: ukilipia kitu ambacho ufunguo wake unabaki kwa muuzaji, umenunua nini?

Soko kati ya sayari

Earth & Beyond ulitengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1985 na kupata umaarufu kwa michezo ya vita ya Command & Conquer. Electronic Arts iliinunua Westwood mwaka 1998, na mchezo huu wa angani ukaingia sokoni Septemba 2002.

Mchezaji aliendesha meli katika ulimwengu ambao binadamu wamesambaa hadi nje ya dunia. Walikuwapo Terran, watu wa Dunia na mabingwa wa biashara. Progen wa sayari ya Mars, askari waliotengenezwa kimaabara. Na Jenquai, watafiti waliojikita upande wa Jupiter. Kazi nazo zilikuwa tatu: mpiganaji, mvumbuzi na mfanyabiashara.

Jambo lililoutofautisha na michezo mingi ya wakati huo ni kwamba biashara ilihesabiwa sawa na vita. Mchezaji alipanda daraja kwa njia tatu, yaani mapigano, uvumbuzi na biashara, na kila moja ilikuwa na daraja 50. Aliyetaka kufika daraja 150, kilele cha mchezo, hakuweza kukwepa kubeba mizigo.

Mantiki ya soko lake ingeeleweka na mtu yeyote anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo. Bidhaa ilinunuliwa kwenye kituo kimoja na kuuzwa kwenye kingine kilichokuwa na bei nzuri zaidi. Nafasi ya kubebea mizigo ilikuwa na kikomo, safari ilichukua muda, na njia nyingine zilikuwa na maadui. Wavumbuzi walichimba madini kwenye miamba ya angani, na mafundi wakayageuza kuwa silaha, injini na vifaa vya meli.

Mafundi hao walikuwa na mbinu moja inayofaa kukumbukwa. Ili kujifunza kutengeneza kifaa, walikivunja na kukichunguza. Waliweza kupoteza kifaa cha thamani, lakini wakifaulu walibaki na ujuzi wa kukiunda upya.

Daftari liko kwa nani?

Waliojiunga na kulipa walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2003 Electronic Arts iliifunga studio ya Westwood, na Machi 2004 ikatangaza kwamba mchezo wenyewe ungefungwa Septemba. Wachezaji walipewa takriban miezi sita.

Kwa kampuni, hesabu ilikuwa ya kawaida. Mchezo wa mtandaoni una gharama zisizolala: seva, umeme, intaneti, mafundi na wahudumu wa wateja. Mapato yakishuka chini ya gharama, duka hufungwa. Tatizo ni kwamba duka hili lilipofungwa, bidhaa zilizokwisha kuuzwa nazo zilikufa.

Sababu ni namna michezo hii inavyojengwa. Mchezo wa mtandaoni una sehemu mbili. Ya kwanza ni programu iliyoko kwenye kompyuta ya mchezaji, yenye picha, sauti na vitufe. Ya pili ni seva, ambayo ndiyo inayojua meli gani iko wapi, bei ya bidhaa ni kiasi gani, adui ana nguvu kiasi gani na akaunti ya nani ina nini. CD ilimpa mchezaji sehemu ya kwanza tu. Ni sawa na kuuziwa lori zuri huku barabara, ghala, mizani na daftari la stoo vikibaki kwa aliyekuuzia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, lakini mwenye mali hakulishika hata siku moja.

Kuvunja ili kujua

Watu waliotaka kuufufua mchezo hawakuwa na msimbo wa seva. Walichokuwa nacho ni CD zao, kumbukumbu zao na jambo moja muhimu: programu ya mchezaji huzungumza na seva kila wakati, na mazungumzo hayo hupita kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe.

Katika kazi ya aina hii, fundi hunasa mawasiliano hayo na kuyasoma. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha kununua, programu yake hutuma ujumbe gani? Seva inajibu nini? Ujumbe huja kama mfululizo wa namba. Ukilinganisha mamia ya jumbe na kile kilichoonekana kwenye kioo, polepole unagundua kwamba namba hii ni bei, ile ni jina la bidhaa, nyingine ni mahali meli ilipo. Kisha unaandika programu mpya inayojibu vivyo hivyo. Programu ya zamani ikipata jibu inalolitarajia, haijui kwamba inazungumza na mtu mwingine.

Hiyo huitwa seva mbadala, na ni mbinu ile ile ya mafundi wa ndani ya mchezo: unakivunja kitu ili ujue kilivyoundwa.

Ugumu mkubwa ni kwamba kazi hiyo hufaa kufanywa wakati seva halisi ingali hai. Baada ya kuzimwa, hakuna tena wa kujibu. Ndiyo maana ile notisi ya miezi sita ilikuwa na thamani. Kilichonaswa na kuandikwa kabla ya Septemba 2004 kingeweza kujengwa upya kwa usahihi. Ambacho hakikunaswa, iwe tabia ya adui, malipo ya kazi fulani au bei kwenye kituo cha mbali, kilibidi kitafutwe katika kumbukumbu za watu au kibuniwe.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Na watu wa kujitolea hawakuishia kurudisha kilichokuwapo. Jamii tatu na kazi tatu zilipaswa kutoa aina tisa za wahusika, lakini Westwood ilifungua mchezo ikiwa na sita. Mchezaji wa Jenquai au Progen hakuweza kuwa mfanyabiashara, na Terran hakuweza kuwa mvumbuzi. Toleo la watu wa kujitolea liliziongeza aina tatu zilizokosekana.

Lakini mali za zamani hazikurudi. Akaunti zilizokuwa kwenye kompyuta za kampuni zilipotea. Aliyekuwa tajiri mwaka 2004 alirudi akiwa na meli ya mwanzo na stoo tupu, akapanga foleni moja na mgeni.

Waliopewa ufunguo na waliopelekwa mahakamani

Si kampuni zote huondoka na funguo. Mwaka 2000 Microsoft ilitoa Allegiance, mchezo wa angani uliotengenezwa na kitengo chake cha utafiti, ambapo timu hupambana chini ya kamanda mmoja. Haukuuzika sana. Mwaka 2004, mwaka ule ule Earth & Beyond ulipozimwa, Microsoft iliukabidhi msimbo wa Allegiance kwa umma. Watu wa kujitolea waliurekebisha na kuuendesha wenyewe, na mwaka 2017 msimbo huo ukawekwa chini ya leseni huru zaidi, na mchezo ukaanza kupatikana bure kwenye duka la mtandaoni la Steam.

Star Wars Galaxies ulipita njia ndefu zaidi. Ulifunguliwa Juni 2003 na Sony Online Entertainment, na ulisifiwa kwa uchumi ulioendeshwa na wachezaji: silaha, nguo, nyumba na magari vilitengenezwa na wachezaji na kuuzwa katika maduka yao. Malighafi ilibadilika ubora, na fundi aliyewahi kununua shehena nzuri alijijengea jina na wateja. Novemba 2005 kampuni iliupindua mchezo, ikapunguza kazi kutoka zaidi ya 30 hadi 9. Wengi waliokuwa wamejenga biashara zao humo waliona ujuzi wao umefutwa kwa usiku mmoja. Mchezo ulifungwa tarehe 15 Desemba 2011.

Mradi wa SWGEmu ulikuwa umeanza kazi kabla ya siku hiyo. Lengo lake ni kurudisha mchezo ulivyokuwa kabla ya mabadiliko makubwa ya Aprili 2005. Msimbo wa seva yake umeandikwa upya na uko wazi kwa umma, na mchezaji anatakiwa awe na diski halali za mchezo wa awali. Sharti hilo ni kinga: wanaofanya kazi hii wanajua kwamba hakimiliki ya picha, sauti na majina bado ni ya wenyewe.

Woga huo una msingi. Mwaka 2005, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua dhidi ya waliotengeneza bnetd, seva mbadala ya michezo ya kampuni ya Blizzard. Huduma ya Blizzard ilikuwa ingali inafanya kazi, na seva hiyo mbadala haikuweza kuzuia nakala bandia, jambo lililowadhoofisha zaidi walioitengeneza. Kwa michezo iliyokwisha fungwa hoja ni tofauti, lakini kujitolea bila kutoza ada hakumfanyi mtu awe juu ya sheria.

Sheria inajikongoja

Mwaka 2018 Marekani ilitoa ruhusa finyu kwa maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho kufufua michezo ya mtandaoni iliyoachwa, iwapo taasisi ina msimbo wa mchezo na wa seva kwa njia halali. Ruhusa hiyo haimfikii mchezaji wa kawaida nyumbani kwake.

Mjadala ulipamba moto baada ya kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, kuzima The Crew, mchezo wa mbio za magari wa mwaka 2014, ilipofika mwisho wa Machi 2024. Mwezi uliofuata Mmarekani Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka kampuni ziache michezo katika hali ya kuchezeka zinapoacha kuihudumia. Ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 zinazotakiwa mwezi Julai 2025.

Kampuni zina majibu yake. Zinasema michezo mingi imejengwa kwa namna isiyowezekana kutenganishwa na seva, kwamba seva za watu binafsi hazina ulinzi wa kutosha wa taarifa za wachezaji, na kwamba sharti hilo litapandisha gharama za kutengeneza michezo.

California ilichagua hatua ndogo. Tangu Januari 2025, sheria ya jimbo hilo inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni ya kutumia, isipokuwa pale ambapo bidhaa inaweza kupakuliwa na kutumika bila kumtegemea muuzaji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayeweka orodha ya wateja, madeni na picha za bidhaa kwenye programu ya simu yuko katika nafasi ile ile ya mchezaji wa 2004. Lori ni lake, daftari liko kwa mwingine. Anayo maswali matatu ya kumuuliza mwenye programu: je, naweza kutoa nakala ya taarifa zangu zote leo? Mkifunga, nitapewa notisi ya muda gani? Na nakala hiyo itasomeka kwenye programu nyingine, au ni kwenu tu?

Hata waliofufua michezo hawajaepuka maswali hayo. Seva ya watu wa kujitolea nayo ni seva: ina gharama, na wanaoihudumia huchoka, huzeeka na kupata kazi nyingine. Tofauti iko kwenye funguo. Msimbo wa Allegiance na ule wa SWGEmu uko wazi, kwa hiyo kundi moja likishindwa, jingine linaweza kuuchukua, kutafuta kompyuta na kuendelea pale wenzao walipoishia.