Fahamu: Walimu na walezi Tunduma wanavyotambua ukatili kwa mtoto
Tunduma ni mji wa mpakani: malori ya kwenda Zambia hulala foleni, na mtoto anayeuza karanga usiku hamshangazi mtu. Hilo ndilo tatizo. Mafunzo kwa walimu na walezi huanza na kutazama: mtoto mchangamfu kanyamaza ghafla, anaogopa kurudi nyumbani, ana simu asiyoweza kueleza kaitoa wapi. Akifunguka, msikilize, usimhoji kama askari, wala usimwahidi siri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuzifikisha serikali za mitaa, si kuyamaliza kifamilia. Piga simu namba 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akibakwa, awahishwe hospitali ndani ya saa 72, kabla ya kuogeshwa.