Je, Wajua? Paa la Kariakoo Linakinga Mvua

Mapaa mengi humwaga maji nje. Paa la Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lilisanifiwa kuyavuta ndani!

• Msanifu Beda Amuli alilisimamisha juu ya nguzo za zege zinazotanuka kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Soko lilifunguliwa mwaka 1975.

• Kwa usanifu huo, mvua ya masika hukusanyika katikati ya kila mwavuli, kisha huelekezwa kwenye matangi ya chini.

• Pembeni pako wazi. Upepo hupita, joto hupanda na kutoka.

• Kuvuta mvua ndani kupo kwingine pia: mkoani Anhui, China, nyumba za kale za wafanyabiashara zina mapaa yanayoinamia uani. Mvua ikidondokea ndani, wenye nyumba walihesabu kuwa mali imeingia nyumbani.