"Tutapunguza leseni!" Sawa, lakini mnapunguza nini hasa? (UZI)

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu kwa jukwaa anasema: "Tutaondoa leseni na sheria zinazonyanyasa wananchi!" Watu wanapiga makofi. Hata mimi nimewahi kupiga. Shida ni kwamba hiyo ahadi inaweza kumaanisha vitu vinne tofauti, na kimoja kati ya hivyo ni hatari. Twende polepole.

2/ Tuanzie hapa kwetu Githurai 45, wadi ya Kiuu. Unataka kufungua kahoteli ka chapo na madondo. Unahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Wewe na mpishi mnapimwa afya, mnapewa vyeti. Kuna cheti cha zimamoto. Ukiweka bango nje, unalilipia. Ukicheza muziki, kuna leseni ya hakimiliki. Na bado hujauza chapo hata moja.

3/ Maana ya kwanza: KUFUTA. Kenya ishawahi kufanya hivi. Mwaka 2005 serikali iliunda kamati ya kupitia leseni za biashara, na ikapata zaidi ya 1,300. Mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria ya kufuta baadhi yake. Zoezi lilipoendelea, leseni zaidi ya 300 ziliondolewa na zingine zikarahisishwa.

4/ Maana ya pili: KUUNGANISHA. Nairobi ilianza hii mwaka 2023: leseni ya biashara, zimamoto, afya, usafi wa chakula na bango, zote kwa kibali kimoja. Inasaidia, usidanganyike kwamba haisaidii. Unaokoa safari na siku za kuzunguka ofisi. Lakini kuunganisha si kufuta. Angalia jumla unayolipa, si idadi ya karatasi.

5/ Maana ya tatu: KUHAMISHIA MTANDAONI. Vituo vya Huduma vilianza 2013 (Thika tuko nacho), na eCitizen ikafuata. Foleni zimepungua kweli. Ila kanuni yenyewe haijaguswa. Kama haikuwa na maana kwa karatasi, haitapata maana kwa simu.

6/ Maana ya nne: KULEGEZA UKAGUZI. Hapa ndipo makofi yanafaa kupungua. Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa. Watu wapatao 50 walikufa. Sheria za ujenzi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuzitekeleza. Kwa hivyo mtu akikuambia wakaguzi ni kero tu, muulize ni wakaguzi gani.

7/ Kipimo changu ni rahisi: tukiondoa kanuni hii kesho, nani ataumia? Ukiondoa cheti cha afya cha mpishi, anayeweza kuumia ni mteja. Ukiondoa ada ya bango dogo la kahoteli, inayoumia ni bajeti ya kaunti. Hiyo ya pili ni kodi iliyovaa koti la usalama.

8/ Sasa swali gumu: mbona leseni zikifutwa zinarudi? Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya leseni za biashara. Tangu 2013 tuna kaunti 47, na kila moja ina Sheria yake ya Fedha inayopanga ada. Githurai 45 iko Kiambu, Githurai 44 iko Nairobi. Ni majirani, lakini wana vitabu viwili vya ada.

9/ Tusiwaonee kaunti pia. Takataka lazima zizolewe na soko lazima litengenezwe, na hiyo pesa lazima itoke mahali. Lakini Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema ushuru wa kaunti usivuruge biashara kati ya kaunti na kaunti. Mwenye gari la mkate linalotoka Thika kwenda Nairobi ana haki ya kuuliza analipia huduma gani akivuka mpaka.

10/ Na si wafanyabiashara pekee. Vijana wenzangu mnajua ile rundo la vyeti vya kuomba kazi: polisi, KRA, HELB, EACC, CRB. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa: mwajiri asikuitishe vyeti hivyo kama hana nia ya kukupa mkataba. Kanuni haikufutwa, ilisogezwa tu. Wengi bado wanalipia vyeti kabla hata ya kuitwa mahojiano, kwa sababu hawajui.

11/ Kuna silaha nyingine haizungumziwi. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri na mashirika inasema kanuni hizo zikifika miaka 10 zinaisha zenyewe, isipokuwa zimeongezewa muda kwa utaratibu. Pia lazima umma ushirikishwe kabla hazijatungwa.

12/ Kwa hivyo mjadala ukianza, uliza matatu tu:
– Unafuta, unaunganisha, unahamisha au unalegeza?
– Kanuni hiyo ilikuwa inamlinda nani?
– Nini kitaizuia isirudi kwa jina lingine?

13/ Na kaunti ikiita watu kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha, enda. Huwa ni watu wachache kwa viti vingi. Ada utakayolalamikia kanjo akija kwa mlango wako ilipitia pale kwanza. Mwisho wa uzi. Mwenye kibanda, niambie hapa chini: leseni gani hujawahi kuelewa ni ya nini?