Mgeni Akienda, Jembe Libaki

Ndugu zetu wa vikundi, methali mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale wageni wanaokuja kujitolea katika mambo ya afya sisi huwapa jembe mapema sana. Mwanafunzi wa uuguzi kutoka ng'ambo anafika Jumapili, na Jumatatu asubuhi tayari anapima watoto uzito. Hilo ni jambo zuri. Lakini siku anapofunga mizigo, jembe anamwachia nani?

Tunauliza kwa sababu yametupata. Mwanafunzi mmoja kutoka Uingereza alikaa nasi wiki sita. Kila Alhamisi alipima watoto, akapima wazee presha, akafundisha akina mama. Watu wakampenda. Wiki ya mwisho ilipofika, sisi wa kamati tulikuwa tunapanga mbuzi, nyimbo na picha. Siku hiyohiyo tukasikia kwamba mtoto wa mama mmoja alikuwa ameendesha siku mbili. Mama hakumpeleka zahanati, ati anangoja Alhamisi mgeni amwone. Alipopelekwa macho yalikuwa yamezama, na hata kulia hakuweza vizuri. Sista wa zahanati alihangaika naye mpaka jioni. Tunashukuru alipona.

Mgeni wetu alilia. Hata hivyo kosa halikuwa lake. Sisi ndio tulioacha watu waamini kwamba afya ya kijiji imo mikononi mwa mtu mwenye tikiti ya ndege. Tena mwanafunzi bado si muuguzi kamili; hata kwao hufanya kazi chini ya msimamizi. Basi tukaketi naye, tukakubaliana kwamba siku zilizobaki hatafundisha jambo jipya. Atakabidhi kazi. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza, tuliandika kazi zake zote kwenye karatasi kubwa. Mbele ya kila kazi tukaandika jina la mtu wa hapa atakayeifanya. Kazi iliyokosa mtu tuliisimamisha, na watu wakaambiwa wazi. Afadhali kujua kwamba huduma haipo kuliko kuingoja bure.

Pili, mgeni aliketi, na wenyeji wakafanya. Tulidhani sote tunajua kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mama mmoja akatia chumvi kijiko kizima! Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kumbukeni: pakiti ya zahanati ndiyo bora, na huchanganywa na maji kama ilivyoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto apewe kidogo kidogo, na anyonye kama kawaida. Zahanati pia hutoa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Msiviache katikati hata mtoto akipata nafuu. Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyozama au damu katika choo asingojee mtu. Aende zahanati mara moja.

Kwa presha ilikuwa vivyo hivyo. Mtu apumzike dakika 5 akiwa ameketi, apimwe, kisha arudiwe. Nambari zikifika 140 kwa 90 au kupita, kazi ya kikundi ni kumtuma zahanati, si kumpa dawa.

Tatu, daftari. La mgeni lilikuwa la Kiingereza, tena kwa mwandiko wake mwenyewe. Tulikaa naye jioni mbili tukiliandika upya kwa Kiswahili: nani ana mimba, mtoto yupi hajamaliza chanjo, mzee yupi arudi kupimwa lini. Nakala moja tulimpa sista wa zahanati. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri, kwa hiyo daftari hili lisiachwe mezani kila mtu akafungua.

Nne, dawa alizobakiza. Kuna waliotaka ziwekwe kabatini kwa katibu. Tulikataa. Dawa zina tarehe ya mwisho, na nyingine maandishi yake hatuyasomi. Zote zilipelekwa zahanati, na wao wakaamua zipi zinafaa.

Tano, ahadi. Tulimwomba asiseme atarudi mwakani wala atatuma mashine. Na sisi tukakubaliana tusimwombe. Ahadi ya siku ya kuagana hutoka moyoni, lakini watu huingoja miaka.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao. Hapa Kenya, mwaka 2023, bunge lilipitisha sheria ya afya ya msingi, na serikali ikazindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya vifaa. Yule wa eneo lenu ndiye wa kwanza kukabidhiwa kazi. Sisi tulikuwa tumemsahau, na nyumba yake iko ng'ambo ya mto tu!

Siku ya mwisho mgeni aliketi nyuma na kikombe chake cha chai. Mhudumu wetu na akina mama wawili waliendesha kliniki yote. Walikwenda polepole, wakakosea mara moja, wakarekebishana wenyewe. Mbuzi aliliwa baadaye. Alhamisi iliyofuata mgeni hakuwapo, na waliokuja walikuwa wachache. Lakini mizani ilikuwa imeshatundikwa mtini kabla ya saa tatu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mgeni wetu akiondoka kesho, ni kazi gani itakufa?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari sasa hivi, mbele ya wenzake?
3. Mhudumu wa afya wa eneo letu ni nani, na mara ya mwisho tulikutana naye lini?