Mwanasheria Hafundwi kwa Kitabu Peke Yake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, Kitivo cha Sheria, na wanafunzi 14. Masomo yalifanyika kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Kuanza na sheria hakukuwa jambo la bahati. Tanganyika ilikuwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, na mawakili Waafrika walikuwa wachache mno. Hadi wakati huo aliyetaka uwakili alikwenda Uingereza, akarudi akiijua vizuri sheria ya ardhi ya Waingereza, huku ugomvi wa shamba la ukoo Usukumani au Uhaya ukiwa mgeni kwake.

Mkuu wa kwanza wa kitivo, A. B. Weston, na wenzake kama William Twining na Patrick McAuslan, walikuta hakuna vitabu vya kufundishia sheria za Afrika Mashariki. Ikabidi zikusanywe hukumu za mahakama za hapa, zisomwe pamoja na maelezo ya mila na desturi za wenyeji. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo mwanafunzi alilazimika kuitazama jamii iliyo nyuma ya kifungu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, mwelekeo huo ulipata nguvu zaidi. Somo la maendeleo likawa la lazima kwa wanafunzi wa fani zote, na wa sheria wakajikuta wakijadili historia na uchumi katika chuo kilekile alichofundisha mwanahistoria Walter Rodney. Wapo waliolalamika kwamba siasa imemeza sheria, na lalamiko lao halikukosa msingi. Lakini kizazi hicho kilitoa wanasheria waliojua kuuliza sheria imetungwa kwa faida ya nani. Mmojawapo, Issa Shivji, aliongoza Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi mwaka 1991 na 1992. Tume hiyo ilizunguka mikoani ikiwasikiliza wanakijiji kabla ya kuandika ripoti.

Ubora wa kuchanganya taaluma unaonekana wazi zaidi kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mahakama ikigawa mali baada ya talaka izingatie mchango wa kila upande, uwe wa fedha, mali au kazi. Bi Hawa hakuwa na mshahara. Je, kupika, kufua na kulea watoto ni kazi kwa maana ya sheria? Kamusi haijibu swali hilo, wala kulikariri kifungu hakusaidii. Jibu linahitaji uchumi, ili ijulikane mume angelipa kiasi gani kama shughuli hizo zingefanywa na mtu wa kuajiriwa. Linahitaji pia elimu ya jamii, ili ieleweke kwa nini mali ya nyumba huandikwa jina la mwanamume. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana aliufuja mtaji ambao mumewe alimpa wa kuanzishia biashara. Mhadhiri anayeishia kwenye kanuni bila kufika kwenye mwisho huo mchungu atakuwa amefundisha nusu ya shauri.

Mafunzo ya vitendo yana historia yake. Kamati ya msaada wa kisheria ya Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam iliwakutanisha walimu na wanafunzi na watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Hapo mwanafunzi hugundua kwamba mteja haji na swali la kisheria. Huja na hadithi ndefu ya shemeji, mpaka wa shamba, deni la harusi na barua isiyojibiwa. Kazi ya kwanza ni kusikiliza, kisha kutenganisha lililo la mahakama na lililo la wazee wa ukoo. Ndipo hufuata kazi ya mkono: kuandaa hati ya madai au hati ya kiapo, kuhakikisha muda wa kufungua shauri haujapita, kulipa ada na kufuata jalada masijala. Mahakama ya kuigiza chuoni humzoesha mwanafunzi kusimama na kujenga hoja, lakini haimwonyeshi shahidi anayebadilisha maelezo kizimbani.

Kwa muda mrefu Tanzania iliacha sehemu hii mikononi mwa waajiri, na mhitimu alijifunzia ofisini kabla ya mtihani wa uwakili. Kama bosi wake alikuwa mwalimu mzuri, alipata bahati. Kama sivyo, alibeba mafaili tu. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi wanaiita Law School, nayo ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Humo hufundishwa uendeshaji wa mashauri, uandishi wa hati, usuluhishi na maadili, kisha mwanafunzi hupelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kenya ilikuwa imetangulia kwa chuo chake cha mwaka 1963, na Uganda kwa kituo chake cha mwaka 1970.

Oktoba 2022 taasisi ya Tanzania iligonga vichwa vya habari. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wa kurudia baadhi ya mitihani 342, na 265 walifeli. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukawaka kama kosa ni la vyuo vikuu au la taasisi yenyewe. Lawama hizo zilificha tatizo la mpangilio wenyewe: mtu husoma nadharia miaka mitatu au minne, halafu hutarajiwa aimudu kazi ya wakili kwa mwaka mmoja. Kuandika hati na kuhoji mteja ni stadi, nazo hukomaa kwa kurudiwa chini ya macho ya mwalimu anayesahihisha, kuanzia mwaka wa kwanza wa chuo.

Lugha nayo ni sehemu ya stadi hizo. Mihadhara ya sheria bado hutolewa kwa Kiingereza, ilhali mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Chuo ambacho hakimfundishi mwanafunzi kuandika hati ya madai kwa Kiswahili sanifu kinamtuma mahakamani akiwa hajaiva.